Usilichome Chunjua la Kidole Gumba

Likasi, Jumatano jioni

Ngoie, mwanangu,

Leo alasiri, pale dispensari ya Panda, Mama Odette aliugeuza mkono wako kuelekea dirishani, akavaa miwani yake, akasema: "Inabakia moja tu, ile ya kidole gumba. Zile zingine zimekwisha." Ulimuuliza kama hiyo moja itaisha kabla ya Jumatatu, siku ya kuanza masomo yako ya uuguzi kule Lubumbashi. Akajibu: "Ile njo siwezi kukudanganya. Hapana." Hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyo nayo, na aliyeitoa ni muuguzi ambaye amekuwa akiangalia mikono ya watu wa kambi hizi za wafanyakazi tangu kabla hujazaliwa.

Njiani kurudi tulivuka reli. Hapo ukasema, bila kunitazama: "Mama, kule ku école ya banurse batanipokea namna gani na mukono hii?" Nikakuambia twende tu. Tulipofika nyumbani ukaenda kuoga. Ulipotoka, ile chupa ndogo ya Papa yako haikuwapo tena juu ya ukuta wa bafu.

Nimeikuta ndani ya begi lako, imeviringishwa kwenye soksi. Nimeitoa humo, kwa sababu asidi ikimwagika utafika Lubumbashi huna cha kuvaa, lakini sijaificha. Imesimama ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, kando ya mlango, karibu na begi. Sasa hivi uko kwaya unaaga wenzako. Papa yako yuko sokoni analinda nafasi yako juu ya lori. Nimebaki na taa ya mafuta na karatasi hii, na situlii.

Mambo ya kula, kulala na kufua Papa yako ameshakuambia, tena zaidi ya mara moja. Sitayarudia. Nataka kuongea na wewe juu ya kidole gumba.

Kila nyumba ya mfanyakazi hapa Shituru ina chupa kama ile. Mahali pengine watu huweka nyumbani mafuta ya mawese na kwinini. Sisi tunaweka pia asidi ya kiwandani, ile inayomwagwa juu ya mawe yaliyosagwa mpaka shaba itoke. Tumeitumia kuzibua choo. Tumeitumia kufufua betri za gari. Na tumeitumia kuchoma machunjua, kwa njiti ya kiberiti, tone moja moja, mama wa nyumba akishika mkono wa mgonjwa ili asiutoe. Nilipoolewa nikaja kambini niliikuta desturi hiyo, nikaizoea kama nilivyozoea moshi. Papa yako hutoa sababu moja tu, na huitoa akicheka: "Kama inakulaka shaba, nyama kidogo kama ile itaishinda?"

Unajua nyama ilivyoshindwa. Unakaa meza moja na Ilunga, kaka yako, unamwona anavyoshika kijiko. Lakini siku ile alipochomwa ulikuwa umetumwa Panda kutafuta unga, na kila mtu nyumbani amekusimulia kipande chake. Nitakusimulia yote kwa mpangilio, kama nilivyosimulia habari redioni, wakati redio yetu ilipokuwa bado na umeme wa kusomea habari.

Mambo yalianza na beseni. Mwaka ule walimu walikuwa wamegoma, hawajalipwa, na nyinyi vijana mlikaa tu. Papa yako naye alikwenda kiwandani kila asubuhi na kurudi mikono mitupu. Ndipo mfanyabiashara mmoja akaanza kuleta mawe ya malakiti, yale ya kijani yenye mistari, ili vijana wayasugue yawe shanga, misalaba na vibakuli vya majivu ya sigara vya kuuzwa kwa wasafiri. Mlikaa uani kwetu, nyuma ya jiko. Beseni moja la maji katikati, vipande viwili vya msasa vikipita mkono kwa mkono, kutwa nzima vidole ndani ya maji. Jioni vidole vyenu vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za kijiji kizima, na msasa ulikuwa umevichubua ncha.

Nilikuwa napita hapo kila siku. Nilichoona ni watoto wanaofanya kazi badala ya kuzurura, nikashukuru. Sikuona kingine.

Aliyetokwa na machunjua kwanza alikuwa Chantal, binti wa majirani zetu tunaopakana nao ukuta. Kisha Ilunga. Kisha wewe, manne kwenye vidole na moja kwenye ngozi laini ya kidole gumba. Kabla ya mvua kuanza, wote mliokaa kwenye beseni lile mlikuwa nayo. Ndipo swali likaanza kuzunguka mtaani. Mtu mwingine angeuliza ni ugonjwa gani. Watu wetu waliuliza nani ameuleta.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuja kwangu, akakataa kiti. "Mama Ngoie, weye uko muntu ya habari, na hauone? Yule mutoto njo wa kwanza. Na babu yake anatoka Kasai. Vidole vya batoto benu vinaota miiba, na bado munakula naye ku sahani moja?"

Nikamuuliza: "Mama, ulimuona akifanya nini?"

"Kuona, kuona! Bitu bya giza banabionaka na macho?"

Hapo nilipaswa kumjibu. Nimezoea kuwauliza watu walipoyatoa maneno yao. Mkurugenzi, mkuu wa stesheni ya reli, askari, wote niliwauliza, na sikuandika mpaka mtu wa pili athibitishe. Uani kwangu mwenyewe nilikubali maneno ya mtu mmoja ambaye hakuona kitu. Nilikuambia, na unakumbuka, kwa sababu uliniangalia vibaya: "Uketi mbali na Chantal kwanza, mpaka tujue." Wewe ulikataa. Mimi nikaenda ukutani kuongea na mama yake, kila mtu upande wake, na Chantal hakuja tena kusugua mawe.

Ulikuwa mdogo wakati stesheni yetu ilipojaa watu waliofukuzwa mjini, na magodoro, na masufuria, wakingoja treni kwa sababu tu babu zao walitoka jimbo la Kasai. Mimi nilikuwa pale nikiandika. Nilijua vizuri mji huu unaweza kufanya nini ukishaamua nani ameleta nini. Na bado nilikwenda pale ukutani.

Nimetoka kidogo kuangalia barabarani. Naambiwa lori limepata mafuta lakini halijapata gurudumu la akiba. Narudi kuandika.

Ilunga hakutaka kungoja. Alikuwa anapiga gita la solo kwenye kwaya ya parokia, na chunjua lilikuwa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, karibu na kiungo, pale pale anapobana nyuzi. Jumamosi moja Papa yako akashusha chupa. Mimi nilishika mkono. Tone la kwanza lilitoa moshi kidogo, ngozi ikawa nyeupe, na Ilunga akasema haliumi sana. Papa yako akaongeza. Tone la pili halikukaa juu. Lilitiririka pembeni likaingia kwenye mkunjo wa kiungo, na hapo Ilunga akapiga kelele ambayo majirani bado wanaitaja.

Papa yako ni mtu wa kiwanda, anajua cha kufanya: maji mengi, kwa muda mrefu. Alikimbilia bomba. Bomba lilikuwa kavu. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umekatika tangu asubuhi na pampu zilikuwa zimelala. Maji pekee uani yalikuwa yale ya beseni, ya kijani, yenye unga wa mawe na ngozi zenu. Tukautumbukiza mkono humo. Sioni tungefanya nini kingine saa ile, na bado kila nikilala nalitafuta bomba lingine.

Kidonda kikaoza. Hospitali kubwa ilitupokea vizuri, ikatuambia tulete wenyewe glovu, uzi, alkoli na taa ya kandili. Daktari alisafisha alichoweza. Kidole kilipona, lakini kwenye kiungo hakikunjiki tena. Gita limo mikononi mwa kijana mwingine sasa. Ilunga anaimba sauti ya pili, na hajawahi kumlaumu baba yake mbele yangu. Ningependa amlaumu hata mara moja.

Ndipo nilipofanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya mwanzoni. Nilikwenda Panda kwa Mama Odette, nikamuuliza maswali, nikayaandika majibu. Haya ndiyo unayoyahitaji ukiwa muuguzi, na pia ukiwa mtu tu.

Chunjua ni kirusi. Ni kidudu kidogo kisichoonekana, kinachoishi kwenye tabaka la juu la ngozi peke yake. Hakiendi kwenye damu wala mifupa. Chunjua halina mzizi. Vile vidoti vyeusi ambavyo watu huviita mbegu ni vijishipa vya damu iliyoganda. Kirusi huingia palipochubuka, na hupenda ngozi iliyolowa muda mrefu. "Kwenu mulimupikia bukari ya kushiba, mukamutayarishia na kitanda," Mama Odette aliniambia, akicheka kwa hasira. "Maji kutwa, papier-verre moja, ile msasa yenu, vidole vimechubuka. Hata minye ningekuwa kirusi, ningehamia kwenu."

Nilimuuliza swali la mtaa: nani aliyekileta?

Akaweka kalamu chini. "Mama, sikia. Kirusi kikiingia leo, chunjua inaweza kutokea kisha wiki, ao kisha miezi mingi. Ule wa kwanza kutokwa haiko lazima njo wa kwanza kukipata. Pengine njo weye ulikileta, na mukono yako haionyeshe kitu. Hakuna muntu, hata docteur, anaweza kukupatia jina."

Nilirudi nyumbani nikapitia kwa mama yake Chantal. Sikuongea ukutani safari hii. Nilizunguka mpaka mlangoni. Alinisikiliza nimesimama. Kisha akasema: "Aksanti. Lakini ulikuja mbio kule kwa ukuta, na huku ku mulango umekuja polepole." Ni kweli. Chantal alikuwa ameshapelekwa Lubumbashi kwa shangazi yake.

Kuhusu dawa, ulikuwepo siku Papa yako alipogombana na Mama Odette, lakini ulikuwa umejifunika kitambaa usicheke, kwa hiyo pengine hukusikia vizuri. Mama Odette alikupa ile pomada nyeupe. Papa yako akasoma jina kwenye kikopo, akapaza sauti: "Salicylique! Acide! Si njo asidi ile ile munatukataza?"

"Papa, hata ndimu iko na asidi. Unawekaka asidi ya Shituru mu samaki?"

"Mais inachoma!"

"Inalainisha. Polepole. Inatoa ngozi iliyokufa kidogo kidogo, na mwili inaamka, inaona adui, inamufukuza yeye mwenyewe. Ile yako inakula chunjua, na ngozi, na mushipa, na mutoto."

Papa yako alikirudisha kikopo mkononi mwako. Njiani akaniambia yule mama anajua kuongea. Kwake hilo ni kukubali.

Umeifanya kazi hiyo kila jioni tangu wakati ule: kuloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu, kusugua kidogo kwa jiwe lako peke yako, vaselini kuzunguka ili ngozi isiyo na chunjua isiguswe, pomada katikati, kitambaa juu. Ikiuma, unapumzika. Hulitafuni chunjua, hulikwangui kwa wembe, humwazimi mtu jiwe wala taulo. Manne yameondoka hivyo. Moja ni gumu zaidi kwa sababu ngozi ya kidole gumba ni nene na kila kazi inapita hapo. Hilo tu. Hakuna siri ndani yake, na halikuchelewa kwa sababu umekosea jambo.

Jambo moja Mama Odette alilisema ambalo lilinisumbua zaidi ya yote, nalo ni kwamba machunjua mengi huondoka yenyewe. Mwili huchelewa kuyagundua, miezi, mara nyingine hata miaka, halafu siku moja huyafukuza bila kuagana. Ukifikiria vizuri utaona kwa nini watu wana dawa nyingi hivi. Mama mkubwa wako alifunga yake kwa uzi wa nguo ya marehemu, yakaondoka, na mpaka leo anatetea uzi. Wengine hupaka maziwa ya mti. Barua ya Chantal ilipokuja, ikisema mikono yake imekuwa safi, na kwamba hakupaka kitu kwa sababu shangazi hakuwa na cha kununulia, unakumbuka kilichotokea: kikundi cha maombi kikatoa ushuhuda kanisani kwamba ndicho kilichomfungua. Papa yako naye akadai ni moshi wa kiwanda aliokuwa akiuvuta tangu utotoni. Wewe ulisema mezani: "Basi kila muntu amemuponyesha, ni yeye tu ndiye hajui." Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Ulikuwa umeelewa kitu ambacho mimi nilikifikia kwa kuzunguka.

Kwa hiyo nakuandikia nini, ikiwa unajua yote haya? Unajua, na bado uliiweka chupa kwenye soksi.

Nadhani naelewa. Jumatatu utasimama kwenye mstari na wasichana wenye mikono laini, watoto wa watu wa Lubumbashi, na mwalimu atapita akitazama kucha na vidole. Unaogopa ataona kidole gumba na kuona kambi nzima: bomba kavu, mawe ya kijani, baba asiyelipwa. Unataka uwe umemaliza kabla hajafika kwako. Mimi pia niliingia chumba cha habari mara ya kwanza nikiwa nimeficha viatu vyangu chini ya meza. Nilikaa hivyo muda mrefu. Nilipoacha kuvificha, hakuna aliyevitazama.

Akikuuliza, mwambie: ni chunjua, ni kirusi, linatibiwa kwa pomada, linafunikwa kazini, na muuguzi wa Panda ameandika hivyo. Karatasi yake imo kwenye bahasha pamoja na shahada yako ya shule. Akikurudisha mlangoni siku ya kwanza, rudi siku ya pili ukiwa umefunga kitambaa safi. Sina uhakika atakavyofanya. Siwezi kukuahidi kwamba atakuwa mtu mwema.

Lakini kidole gumba kikichomwa, hakuna mwalimu atakayekurudishia. Utashikia nini sindano? Utavunja vipi shingo ya kichupa cha dawa? Nimeushika mkono mmoja wa mtoto wangu wakati ukiunguzwa. Wa pili sitaushika, na kule hutakuwa na wa kukushikia. Utafanya peke yako, bafuni, wenzako wakiwa darasani, na sijui kama bomba la kule lina maji.

Papa yako amerudi. Gurudumu limepatikana. Amesimama mlangoni, ameliona kopo, ameiona chupa ndani yake. Nimemwambia ulikoiweka. Amekaa kwenye kiti chako, hajavua hata kofia. Akasema: "Minye njo nilimufundisha." Kisha akasema kesho akienda kazini ataipeleka, ataimwaga kule kule inakotoka, na hataleta nyingine. "Mais aiache yeye mwenyewe," akasema. "Tukimunyang'anya, atatafuta ingine kule."

Ndivyo ninavyofikiri na mimi. Kwa hiyo chupa itabaki ndani ya kopo, kando ya mlango. Hakuna atakayeilinda. Ukitoka asubuhi utapita hapo ukiwa na begi mkononi, na sitakutazama.

Kuna jambo moja la kufanya baada ya hapo. Mama Odette ana njia ya kujua kama chunjua limekwisha kweli: huangalia mistari ya ngozi. Chunjua huisukuma mistari pembeni, kama jiwe katikati ya mtaro. Likiisha, mistari hurudi kupita mahali pake, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba hapakuwa na kitu. Aliyechomwa kwa asidi hapati tena mistari hiyo. Kidole cha Ilunga hapo ni laini kama kioo. Nimekitazama mara nyingi.

Lori linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya soko. Dereva anaitwa Banza. Atakuwa anarudi Likasi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nami nimeshapatana naye. Kabla ya siku hiyo, paka kidole gumba wino wa kalamu, kikandamize kwenye karatasi nyeupe, kunja, mpe Banza. Usiandike kitu kingine kama huna nafasi. Jumamosi hiyo nitakuwa sokoni tangu asubuhi, na miwani ya kuazima, kusoma mistari.

Mama yako